Bili moja ya maji, wapangaji sita

Katika nyumba za kupanga za Himo, kuanzia Njia Panda hadi kule sokoni, ujumbe wa bili ya maji ukiingia kwenye simu ya mwenye nyumba, uani panawaka moto. Wa chumba cha kwanza anasema wiki mbili hakuwepo, alikwenda kwao Kilema. Wa pili anasema ana mtoto mmoja tu na jirani yake ana watatu, iweje walipe sawa? Wa tatu yuko kimya, maana ndiye anayefua nguo za watu kwa malipo na anajua macho yote yako kwake. Mwenye nyumba anagawanya kwa sita, anapitisha daftari. Asiyelipa anawaponza wote, kwani maji yakikatwa yanakatwa kwa nyumba nzima.

Wengi wanaogombana hivyo hawajawahi kuinama kuiangalia mita yenyewe. Tuanzie hapo.

Himo inahudumiwa na mamlaka ya maji ya Moshi, MUWSA. Mita iliyoko kwenye ua wako ina tarakimu nyeusi na nyekundu, au mshale mwekundu. Msoma mita anaandika zile nyeusi tu. Kila namba nyeusi inapopanda kwa moja, umetumia uniti moja, yaani mita moja ya ujazo, ambayo ni lita 1,000. Kwa lugha ya jikoni, uniti moja ni ndoo 50 za lita 20. Tarakimu nyekundu zinaonyesha vipande vya uniti, na hizo utazihitaji siku ya kutafuta uvujaji.

Bili ni tofauti ya masomo mawili. Tuseme mwezi uliopita mita ilisoma 00418 na mwezi huu 00431. Nyumba imetumia uniti 13, yaani ndoo 650. Uniti hizo zinazidishwa kwa bei ya kundi lako. Kwa mfano wetu tuchukue shilingi 1,600 kwa uniti, namba ya kufanyia hesabu tu; bei halisi isome kwenye ankara yako. Tunapata 20,800. Ankara yako ikiwa na mstari ulioandikwa EWURA, hiyo ni tozo ya mdhibiti, ambayo sheria imeiwekea kikomo cha asilimia 1. Ukiongeza 208 jumla inakuwa 21,008. Kilichozidi hapo mara nyingi ni deni la nyuma, na watu wengi hulisoma deni hilo kana kwamba ni matumizi ya mwezi huu, kisha wanapiga kelele kwamba mita imeharibika.

Sasa turudi uani. Chukulia vyumba sita vina watu 1, 1, 2, 3, 3 na 4, jumla watu 14. Ukigawanya kwa vyumba, kila chumba kinatoa shilingi 3,501. Kijana wa bodaboda anayeishi peke yake, anayeoga asubuhi na kula kwa mama lishe, analipa sawa na familia ya watu wanne. Ukigawanya kwa vichwa, kila mtu ni kama shilingi 1,500. Kijana anatoa 1,500, familia ya wanne inatoa 6,000. Tofauti hiyo ni kilo kadhaa za unga, na ndiyo maana hakuna anayeichukulia kirahisi.

Na mama anayefua? Yeye hahitaji kunyamaza. Akitumia ndoo 4 za biashara yake kwa siku, kwa siku 25 ni ndoo 100, sawa na uniti 2. Kwa bei yetu ya mfano, pamoja na tozo, ni shilingi 3,232. Atoe hizo kwanza, zinazobaki 17,776 zigawanywe kwa watu 14: kila kichwa shilingi 1,270 hivi, yeye na wanawe wakiwamo. Amelipia kazi yake, na hakuna wa kumnung'unikia kwenye kamba ya nguo. Nimeona nyumba ambazo mwanamke wa namna hii anafukuzwa chumba kwa sababu ya maji ya shilingi elfu tatu.

Ipo njia nyingine, ya kufunga mita ndogo kwa kila chumba baada ya ile kubwa. Inagharimu mabomba na fundi, na mwenye nyumba wengi hawataki. Lakini jambo moja liwekwe wazi: mita hizo ndogo ni za ndani ya ua. Mamlaka inaitambua mita yake moja, na anayedaiwa ni yule ambaye jina lake liko kwenye akaunti.

Mamlaka nyingi nchini bei zake ni za ngazi: uniti za mwanzo zina bei ya chini, ukivuka kiwango unapanda ngazi ya juu. Nia yake ni kumlinda anayetumia kidogo. Lakini kama ankara yenu ina ngazi, nyumba ya familia sita kwenye mita moja inaivuka ngazi ya chini mapema, hata kama kila familia peke yake inatumia kidogo kuliko nyumba ya tajiri mmoja mwenye bustani. Maskini sita wakikusanyika kwenye mita moja wanahesabiwa kama mteja mmoja mkubwa. Hili ni la kulisema kwenye mikutano ya bei, na mikutano hiyo ipo. Bei ya maji haipangwi na meneja wa mamlaka akiwa ofisini kwake. Mamlaka inapeleka maombi EWURA, mdhibiti aliyeanza kazi mwaka 2006, na EWURA inaitisha mkutano wa taftishi ambako mwananchi anaruhusiwa kusimama na kupinga. Bahati mbaya tangazo likibandikwa ofisi ya mtaa, wengi tunalipita kama tangazo la mnada.

Angalia pia kundi ulilowekwa. Kuna majumbani, taasisi, biashara, viwanda, na vioski au mabomba ya jamii, kila moja na bei yake. Himo ni mji wa njia: magari ya Holili na Taveta, ya Marangu na Rombo, ya Dar na Arusha, yote yanapita hapa, na nyumba nyingi za mbele ya barabara zina mgahawa au duka. Ukifunga mgahawa ukabaki unaishi tu, kaombe kundi libadilishwe. Hakuna atakayekuja kukuuliza.

Wasio na bomba ndio wanaolipa zaidi, na hesabu yake ni nyepesi. Ndoo ikiuzwa shilingi 50, uniti moja inakuwa shilingi 2,500. Jirani akiiuza shilingi 100 siku za mgawo, uniti ni 5,000. Mwanamke anayenunua ndoo sita kwa siku kwa bei hiyo anatoa shilingi 18,000 kwa mwezi kwa maji yasiyofika uniti nne.

Watu wazima wa upande huu wa mlima husema zamani maji yalikuwa ya bure, ya Mungu, yakishuka yenyewe kwenye mfongo. Kushuka yalishuka, lakini bure hayakuwa. Siku ya kuzibua na kutengeneza mfongo kila nyumba inayoutumia ilitoa mtu, asiyefika alitozwa faini, na faini hiyo zamani ilikuwa pombe. Maji yalikwenda kwa zamu, na aliyefungulia nje ya zamu yake alishitakiwa kwa wazee. Tofauti ni kwamba wote waliijua hesabu. Siku hizi maji mengine hayashuki. Chemchemi kama Miwaleni iko chini kuliko Njia Panda, na maji hayapandi mlima bila pampu, pampu haizunguki bila umeme, na umeme huo mtumiaji anaulipia ndani ya uniti.

Bili ikipanda ghafla, usikimbilie kumshuku msoma mita. Fanya hivi usiku watu wakilala: funga koki zote, soma tarakimu nyekundu na uziandike, kisha zisome tena alfajiri kabla ya mtu kuchota. Zikiwa zimesogea, maji yanapotea ndani ya ua wako. Mahali pa kwanza pa kuangalia ni floti ya simtanki, pa pili ni tangi la choo cha kuvuta, pa tatu ni bomba lililopita chini ya migomba. Uvujaji unaojaza ndoo moja kwa saa hauonekani mkubwa, lakini ni lita 480 kwa siku na zaidi ya uniti 14 kwa mwezi. Nyumba yetu ya watu 14 ilitumia 13. Bomba bovu moja linakunywa kuliko wapangaji wote.

Uvujaji ulioko baada ya mita ni wako wewe kutengeneza na kulipia. Ulio kabla ya mita ni wa mamlaka, nawe kazi yako ni kutoa taarifa. Msiharibu lakiri ya mita kwa kujaribu kuitengeneza. Hapo mnageuka washitakiwa chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019.

Kama usiku mita imetulia na bado bili ni kubwa, linganisha namba iliyoandikwa kwenye ankara na iliyopo kwenye mita. Wakati mwingine msoma mita alikuta geti limefungwa, bili ikakadiriwa. Piga picha ya mita yenye kuonyesha tarakimu na namba ya mita, nenda nayo ofisini, andika malalamiko na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Unaweza pia kuomba mita ipimwe. Usiporidhika na jibu la mamlaka, hatua inayofuata ni EWURA, ambayo kwa mikoa yetu ina ofisi ya kanda Arusha. Huko watakachouliza kwanza ni ile nakala ya malalamiko ya mwanzo. Maneno matupu hayasafiri hadi Arusha.

Malipo nayo yasipite mkononi mwa mtu. Kila ankara ina kontroo namba, zile tarakimu 12 zinazoanza na 99, na fedha zinaingia kwa simu, wakala au benki. Anayekuja getini akisema umpe taslimu akusaidie maji yasikatwe, mwache aende. Na wapangaji, mkimpa mwenye nyumba michango yenu, ombeni awaonyeshe ujumbe wa malipo. Si ukosefu wa adabu. Kuna nyumba wapangaji wamelipa miezi mitatu mfululizo, kumbe fedha iliishia kwenye ada ya shule, na siku ya kukatwa maji ndipo kila kitu kikajulikana.

Desemba ina hesabu yake. Watoto wanarudi kutoka Dar na Arusha, wajukuu wanaoga mara mbili, magari yanaoshwa, ndafu inachinjwa. Bili ya sikukuu inafika Januari, wageni wakiwa wameshaondoka na ada zikisubiri. Mwana au binti anayewaaga wazazi Njia Panda na kumwachia mama elfu kumi ya sukari, aulize na mita inasoma ngapi.

Lililo gumu kuliko yote kwenye familia zetu ni akaunti ya marehemu. Baba amefariki miaka minane, kihamba kimegawanywa, nyumba ya Himo imebaki na mama, lakini bili bado inakuja kwa jina la baba na ujumbe unakwenda kwenye laini ya simu isiyokuwepo. Mama hapati taarifa ya kukatiwa hadi anapomwona fundi getini. Deni likizidi, watoto wanaanza kuulizana ni la nani. Badilisheni jina mapema, na kabla ya kwenda ofisini ulizeni nyaraka wanazotaka: kwa kawaida ni zinazohusu mirathi na umiliki wa nyumba pamoja na kitambulisho cha anayechukua akaunti. Vilevile anayenunua nyumba aombe kuona ankara ya mwisho kabla ya kuhesabu fedha. Mwuzaji akishahama na deni likiwa kwenye akaunti ile, utakuwa na kazi ya kueleza.

Wasomaji wa Himo huuliza pia kuhusu majitaka. Mabomba ya majitaka yapo sehemu za Moshi mjini na yanaelekea kwenye mabwawa ya Mabogini. Aliyeunganishwa kule analipia majitaka kwenye bili hiyohiyo, na kwa kuwa hakuna mita ya maji machafu, hesabu hufuata uniti za maji safi alizotumia. Wewe ambaye choo chako kinaishia kwenye karo au shimo la uani, mstari wa majitaka haukuhusu. Ukiuona kwenye ankara, nenda ukauulize.

Bili yako ya majitaka ni gari la kunyonya. Inakuja mara moja kwa miaka kadhaa na inakuja kubwa, na kwenye nyumba ya wapangaji huzua ugomvi mpya: shimo limejaa, mwenye nyumba anasema mchange, wapangaji wanasema choo ni sehemu ya kodi. Liandikwe kwenye mkataba wa chumba tangu siku ya kwanza, nani analipia gari. Kabla ya kukubaliana na dereva, muulize anakwenda kumwaga wapi. Akikupa bei ya chini mno na hataji mahali, jua kwamba Mto Himo uko karibu kuliko Mabogini, na kuna watu wanachota huko chini.