Boma la Ikoma Lastahili Bango Lake

Dereva wa watalii akisema "tunapitia Ikoma", ana maana ya lango la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti lililo upande wa Mugumu. Kwenye ramani limeandikwa Fort Ikoma. Hilo neno la mbele ndilo boma lenyewe: ngome ya mawe waliyoijenga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20 katika nchi ya Waikoma, karibu na Robanda.

Februari 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Kapteni Max Wintgens alijitenga na jeshi kuu la Wajerumani huko kusini, akaelekea kaskazini na mamia ya askari. Mwezi Mei, akiwa hoi kwa ugonjwa, alijisalimisha. Luteni Heinrich Naumann akakishika kikosi, na mwishoni mwa Juni alikuwa ndani ya boma la Ikoma. Jeshi la Wabelgiji, lenye askari kutoka Kongo, lilimfuata hadi hapo likapigwa vibaya. Naumann akaponyoka, hadi alipojisalimisha Oktoba.

Majina ya maofisa tunayo. Wapagazi je? Na wenye ghala na mazizi? Kikosi kile hakikuwa na wa kukiletea chakula. Kilikula vya vijiji kilivyovipita. Kwangu mimi, vita vya Ikoma ni habari ya hao kwanza.

Bango kando ya barabara lingetosha kuwakumbusha wapitao, na wazo hilo si geni: mwaka 1927 jimbo la Virginia, Marekani, lilianza kusimika mabango ya historia kandokando ya barabara. Mwaka huohuo Dar es Salaam ilizindua Sanamu ya Askari, yenye maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu na za Kirumi. Sanamu ile huwakumbuka askari na wapagazi, lakini ni wa upande wa Waingereza. Waliokufa Ikoma, wa pande zote mbili, wengi walikuwa Waafrika.

Alama za enzi hiyo Mkoa wa Mara, liliko boma hili, unazo. Tarime, pale Sirari, mpaka uliochorwa kwa rula na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886 uliwakata Wakurya, ndugu wakabaki huku na kule. Vigingi vya mpaka vina ulinzi wa serikali mbili. Boma halina bahati hiyo: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, na la baadaye hungoja tangazo la Waziri. Waziri na alitangaze.

Bango likiandikwa, Kiswahili kitangulie, na wazee wa Ikoma waulizwe kabla ya fundi kushika patasi. Wao wana kumbukumbu yao kongwe, Machaba, pembe za ndovu wanazosema zilitoka kwa mtabiri wa Kitatoga. Huzitunza kama kiungo cha umoja wao, na habari zake husimuliwa na wenyewe.