Chapati, Pilau na Hesabu ya Nishati: Nafasi ya Vyakula Vinono katika Kupunguza Uzito

Ushauri unaotolewa kwa watu wanaotaka kupunguza uzito katika Afrika Mashariki huanza mara nyingi na orodha ya makatazo, ambamo chapati, maandazi, wali wa nazi, chipsi, soda na keki huwekwa kapu moja kana kwamba vyote vina athari ya aina moja mwilini. Orodha hiyo ni rahisi kuiandika na ni rahisi kuikariri, lakini ni vigumu kuifuata kwa miezi mingi, kwa sababu vyakula vinavyokatazwa ndivyo vinavyopikwa kwenye harusi, sikukuu, futari na milo ya Jumapili, na anayejitenga navyo hujitenga pia na jamaa zake. Haja ya ushauri bora si ndogo: utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya uliofanyika Kenya mwaka 2014 ulionyesha kwamba takriban mwanamke mmoja kati ya watatu wenye umri wa miaka 15 hadi 49 alikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia.

Kinachoamua kama uzito utapungua ni jumla ya nishati anayokula mtu ikilinganishwa na ile anayoitumia. Nishati hiyo hupimwa kwa kilokalori, na kilokalori moja ni kiasi cha joto kinachopandisha halijoto ya kilo moja ya maji kwa nyuzi moja ya Selsiasi. Mwishoni mwa karne ya 19, mwanakemia wa Marekani Wilbur Atwater aliweka msingi wa viwango vinavyotumiwa hadi leo, kwamba gramu moja ya wanga au ya protini huupa mwili takriban kilokalori 4, ilhali gramu moja ya mafuta hutoa 9. Mwili unapopokea nishati pungufu kuliko inayotumika, hali ambayo wataalamu huiita nakisi ya nishati, hulazimika kuchoma akiba yake ya mafuta, na hufanya hivyo hata kama sehemu ya chakula kilicholiwa ilikuwa chapati. Ni kweli pia kwamba mwili unaopungua huhitaji nishati kidogo zaidi kuliko ulivyohitaji mwanzoni, ndiyo maana kasi ya kupungua hulegea baada ya miezi kadhaa hata kwa mtu ambaye hajabadilisha mlo wake.

Hapo ndipo mafuta ya kupikia yanapostahili kuchunguzwa kuliko kitu kingine chochote jikoni. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina takriban kilokalori 120, na mafuta hayo hayaonekani yakishaingia ndani ya chakula. Chapati iliyotengenezwa kwa gramu 60 za unga wa ngano ina takriban kilokalori 215 kutokana na unga wenyewe. Ikikandwa na kuchomwa kwa kijiko kimoja kikubwa cha mafuta hukaribia 335, na ikitumia viwili huzidi 450, ingawa machoni mwa mlaji hizo ni chapati za ukubwa uleule. Mpishi anayepima mafuta kwa kijiko badala ya kuyamimina kutoka kwenye chupa huokoa nishati nyingi bila kujilazimisha kula nusu chapati, tena bila mtu yeyote mezani kunyimwa anachokipenda.

Vyakula vya kukaangwa katika mafuta mengi vina jambo lao la kifizikia ambalo ni vyema likajulikana. Donge la unga au kipande cha kiazi kinapotumbukizwa katika mafuta ya moto, maji yaliyomo hugeuka mvuke na kutoka kwa nguvu, na mvuke huo huyazuia mafuta yasiingie kwa wingi. Sehemu kubwa ya mafuta hufyonzwa chakula kinapoepuliwa, kwa kuwa mvuke uliobaki ndani hupoa, shinikizo hushuka, na mafuta yaliyoshika juu ya ganda huvutwa ndani ya vitundu vyake. Kwa sababu hiyo andazi linalochujwa vizuri mara tu linapotoka kwenye karai na kuwekwa juu ya karatasi inayonyonya hubaki na mafuta kidogo kuliko lile linalorundikwa katika bakuli likiwa bado linachuruzika.

Shibe nayo ina uzito wake katika hesabu hii. Mwaka 1995 mtafiti Susanna Holt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney walilinganisha vyakula 38 katika vipimo vyenye nishati sawa, wakaupa mkate mweupe alama 100, na kugundua kwamba viazi vya kuchemsha viliongoza vyote kwa alama 323, ilhali chipsi zilipata 116 tu. Kiazi ni kilekile. Kilichobadilika ni maji yaliyotoka na mafuta yaliyoingia. Gramu 200 za viazi vya kuchemsha zina takriban kilokalori 170, na uzito huohuo wa chipsi huzidi 600, kiasi kwamba sahani ya chipsi mayai yenye mayai mawili na mafuta ya kuyakaangia inaweza kufikia kilokalori 900. Sahani hiyo haihitaji kupigwa marufuku, lakini anayeila anapaswa kujua kwamba amekula karibu nusu ya mahitaji ya siku nzima ya mwanamke wa wastani, na akiigawana na mwenzake huku ikiongezewa kachumbari nyingi, hesabu hubadilika kabisa.

Makatazo makali yana hatari nyingine, nayo ni ya kisaikolojia. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1975, Peter Herman na Deborah Mack waliwapa baadhi ya washiriki kinywaji kizito cha maziwa na aiskrimu, kisha wakawaacha wote wale aiskrimu kadiri walivyotaka. Wale ambao kwa kawaida hawajizuii walikula kidogo baada ya kinywaji hicho, kama inavyotarajiwa, lakini waliozoea kujinyima walikula zaidi kuliko wenzao wenye tabia hiyohiyo ambao hawakupewa kinywaji, kwa sababu walipoona sheria yao imeshavunjwa waliona hakuna tena cha kuilinda siku hiyo. Mtafiti wa Ujerumani Joachim Westenhoefer alikuja kutofautisha udhibiti mgumu, unaogawa vyakula kuwa halali na haramu, na udhibiti unaonyumbulika, unaoruhusu chakula kinono na kukifidia katika mlo unaofuata. Aina hii ya pili ndiyo iliyohusishwa na uzito mdogo na matukio machache ya kula kupita kiasi.

Fidia hiyo huwa nyepesi hesabu inapofanywa kwa wiki. Mwanamke anayehitaji kilokalori 2,000 kwa siku na ambaye amekusudia kula 1,600 ana bajeti ya 11,200 kwa siku saba. Akienda harusini Jumamosi akala pilau na kaimati, na jumla ya siku hiyo ikafika 2,000, siku sita zilizobaki zitagawana 9,200, yaani takriban 1,533 kila moja, ambayo ni pungufu ya kilokalori 67 tu kwa siku. Hiyo ni takriban nishati ya vijiko vinne vya chai vya sukari. Lakini njia hii ina mpaka wake, kwani akila 2,600 Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, siku nne zitakazobaki zitakuwa na 850 tu kila moja, kiwango ambacho hakuna mtu anayepaswa kujipangia bila usimamizi wa daktari.

Mipango ya namna hii hufaulu pale vipimo vinapokuwa vya kweli. Uchunguzi uliochapishwa nchini Marekani mwaka 1992 uliwahusisha watu wanene walioamini kwamba miili yao haipungui licha ya kula kidogo, na ulibaini kwamba kwa wastani walitaja chakula pungufu kwa asilimia 47 kuliko walichokula. Hawakuwa na nia ya kudanganya. Vitu vidogo husahaulika, hasa vinywaji. Chupa ya soda ya kola ya mililita 300 ina takriban gramu 32 za sukari, na vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko viwili kila kimoja vina takriban 24, ilhali Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ibaki chini ya asilimia 5, ambayo ni takriban gramu 25.

Wenye kisukari wanaotumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, wajawazito, wanaonyonyesha na watoto hawapaswi kupunguza mlo kwa hesabu hizi bila kuonana na mtaalamu. Na kwa wataalamu wenyewe wa lishe katika zahanati na hospitali za ukanda huu, ombi ni moja: kabla ya kumkabidhi mgonjwa orodha ya makatazo, wamwulize ni chakula gani hawezi kukiacha, nyumbani kwake kinapikwaje, na kwa vijiko vingapi vya mafuta.