Kompyuta ya Kutuma Nyumbani Iboreshwe Stockholm

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10, mfumo endeshi uliokuwa sokoni tangu Julai 2015. Kompyuta zilizokuwa zikiutumia hazikuzimika siku hiyo. Ziliendelea kuwaka, kuandika barua na kufungua intaneti kama jana yake, na ndiyo maana watumiaji wengi hawakuona kilichobadilika. Stockholm, laptopu za ofisini zenye umri wa miaka saba au minane, nzima kabisa, zinapatikana kwa urahisi kwenye Blocket, tovuti ya matangazo ya kuuza na kununua, na katika maduka ya vifaa vilivyotumika. Kwa Mwafrika Mashariki anayeishi Husby au Skärholmen, hiyo ni nafasi ya kumpatia mdogo wake aliye chuoni Dodoma mashine imara kwa bei ya simu ya kawaida.

Nafasi hiyo ina sharti lake: kazi ya kuboresha mfumo ifanyike hapa, kabla kompyuta haijaingia kwenye sanduku. Kilichozoeleka ni kinyume chake. Mtumaji hununua, hufuta picha zilizomo, hufunga mzigo, na mengine yote humwachia fundi wa kule.

Si mara ya kwanza kwa Sweden kuisafirishia Afrika Mashariki vifaa vilivyopitwa na mabadiliko yake. Alfajiri ya Jumapili, 3 Septemba 1967, nchi nzima ilihama kutoka kuendesha magari kushoto kwenda kulia. Saa kumi na dakika hamsini magari yaliyokuwa barabarani yalisimama, yakavuka upande wa pili, yakasubiri hadi saa kumi na moja kamili ndipo yakaendelea. Mabasi ya zamani yalikuwa na milango upande usiofaa tena. Maelfu yaliongezewa milango mipya. Gothenburg na Malmö zikaamua kuyauza ya kwao Pakistan na Kenya. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki, kwa sababu Kenya iliendesha kushoto na hadi leo inaendesha kushoto. Basi lililokosa barabara Malmö lilifika mahali ambapo kanuni ya zamani ilikuwa bado inatawala.

Kompyuta haina pa kukimbilia namna hiyo. Windows 10 iliyokosa ulinzi Stockholm imekosa ulinzi Mombasa pia, kwa kuwa intaneti ni ile ile na wavamizi ni wale wale. Hatari yenyewe inaeleweka ukitazama jinsi viraka vya usalama vinavyotolewa. Kila Jumanne ya pili ya mwezi Microsoft hutoa vipande vya programu vya kuziba matundu yaliyogunduliwa. Windows 10 na Windows 11 zimejengwa kwa sehemu kubwa ya msimbo mmoja. Kiraka cha Windows 11 kikishatoka, mtaalamu mwenye nia mbaya hukilinganisha na faili la awali, huona palipobadilishwa, na hapo hapo hujua tundu lilipo katika mfumo ambao haukupata kiraka. Mwaka 2017 ulionyesha jinsi muda unavyokuwa mfupi: kiraka kilitolewa 14 Machi, na tarehe 12 Mei virusi vya WannaCry vikapitia tundu lile lile hadi katika nchi zaidi ya 100. Huku Sweden halmashauri ya Timrå ilikuwa miongoni mwa walioathirika. Dawa ilikuwapo kwa karibu miezi miwili, ila haikuwa imezifikia mashine zote.

Upo muda wa nyongeza, lakini hausafiri. Microsoft ilitangaza mwaka mmoja wa ziada wa viraka vya Windows 10, hadi 13 Oktoba 2026. Katika Eneo la Kiuchumi la Ulaya, Sweden ikiwemo, watu binafsi hupewa mwaka huo bure. Nje ya eneo hilo masharti ni mengine: mtumiaji hulipa dola 30, au hukubali mipangilio ya kompyuta yake ihifadhiwe kwenye seva za kampuni, au hutoa pointi alizokusanya kwa kutumia huduma zake. Tena haki hiyo hufungwa kwenye akaunti ya mtu. Laptopu iliyolindwa Husby kwa akaunti ya dada haibaki imelindwa Dodoma kwa akaunti ya mdogo wake. Anayelala akiamini kwamba ametuma kifaa salama ametuma kifaa ambacho ulinzi wake umebaki nyuma.

Basi kazi huanza dukani, kabla ya kulipa. Windows 11 inataka kumbukumbu ya gigabaiti 4 na diski ya gigabaiti 64, na karibu kila laptopu ya ofisini inayo hayo. Vinavyokwamisha ni prosesa na chipu iitwayo TPM 2.0. Kwa Intel, orodha ya prosesa zinazokubalika huanzia kwa jumla kizazi cha nane, kilichotoka mwaka 2017. Namba yenyewe inasomeka: i5-8250U ni ya kizazi cha nane na inakubalika, i5-7200U ni ya cha saba na haikubaliki. Tangazo linalosema “i5” peke yake limeacha habari inayohitajika kuliko zote, na mnunuzi ana haki ya kuiuliza.

TPM ni chipu ndogo inayotunza funguo za siri mbali na programu nyingine. Mara nyingi ipo ndani ya mashine ila imezimwa. Huwashwa katika mipangilio ya UEFI, ile programu ya msingi inayoamka kabla ya Windows, na hapo huandikwa PTT kwenye mashine za Intel au fTPM kwenye za AMD. Wapo wanaoambiwa kompyuta yao haifai kumbe kilichohitajika ni kubadilisha neno moja kwenye ukurasa huo. Prosesa haina dawa ya namna hiyo. Zipo mbinu za kuruka ukaguzi, na mafundi wengi wanazijua, lakini Microsoft haiahidi viraka kwa mashine zilizopitishwa kwa mlango huo, na matoleo makubwa ya kila mwaka hayaji yenyewe. Kumtumia mtu wa mbali mashine kama hiyo ni kumkabidhi deni ambalo hakulikopa.

Uboreshaji wenyewe hupita hatua nne. Katika ya kwanza Windows ya zamani bado inafanya kazi: inapakua mafaili, inapima nafasi ya diski, inatafuta programu zisizopatana na mfumo mpya. Kisha kompyuta hujiwasha upya ndani ya mfumo mdogo wa muda, ambao huisogeza Windows ya zamani kwenye kabrasha la Windows.old na kuuweka mpya mahali pake. Hatua ya tatu ni mfumo mpya kuamka kwa mara ya kwanza na kusimika draiva, yaani programu zinazouwezesha kuwasiliana na kadi ya picha, Wi-Fi na printa. Ya nne huhamisha akaunti na mipangilio ya mtumiaji. Kitu kikikwama njiani, mashine hujaribu kuurudisha mfumo wa zamani na kuonyesha namba ya hitilafu.

Ukurasa wa namba hiyo usifungwe haraka, namba inakiliwe. 0x80070070 maana yake nafasi ya diski haitoshi. 0xC1900208 inaashiria programu isiyopatana na mfumo mpya. Inayowasumbua watu zaidi ni 0xC1900101, ambayo kwa kawaida hutokana na draiva, na kipande kinachoifuata hueleza mahali: 0x20017 ni hatua ya pili, 0x30018 ni ya tatu. Tiba yake huanza kwa kupunguza. Printa, flashi na kila kilichochomekwa kitolewe. Antivirasi ya kampuni nyingine iondolewe kabisa, maana hujipachika ndani sana ya mfumo na kukagua kila faili linalohamishwa. UEFI isasishwe kutoka tovuti ya mtengenezaji. Ndipo kazi irudiwe. Ikishindikana tena, faili la setuperr.log lililo katika kabrasha la Panther mara nyingi huonyesha kilichokataa. Kurudia mara tano bila kubadilisha chochote, jambo linalofanywa na wengi, huleta jibu lile lile mara tano.

Hitilafu moja huwachanganya hata wazoefu: kompyuta yenye gigabaiti 200 tupu inadai haina nafasi. Kinacholalamikiwa hapo ni kigawanyo kidogo cha kuwashia, mara nyingi cha megabaiti 100, ambacho kimejaa mafaili ya UEFI. Kukisafisha kunawezekana, lakini kwa mashine ya kutumwa ipo njia bora zaidi, nayo ni kufuta diski nzima na kusimika Windows 11 upya kutoka kwenye flashi. Njia hiyo huondoa mabaki ya mwenye mashine wa kwanza, huunda vigawanyo vipya, na haihitaji kununua leseni, kwa kuwa leseni ya kidijitali ya Windows 10 iliyokwisha kuamilishwa hutambulika kupitia maunzi yenyewe. Flashi iwe ya gigabaiti 8 au zaidi na itengenezwe kwa programu rasmi ya Microsoft. Anayenakili mafaili kwa mkono hukwama kwenye faili kubwa la install.wim, kwa sababu mpangilio wa FAT32 haupokei faili linalofikia gigabaiti 4.

Sasa fikiria kazi hiyo hiyo ikifanywa Dodoma. Mafaili ya kusimikia yanazidi gigabaiti 5, bado draiva na viraka vya baadaye, na bando la mwanafunzi linaishia hapo. Betri ya laptopu ya miaka minane huenda isiweze kuibeba hatua ya pili umeme ukikatika. Stockholm, penye faiba ya nyumbani na umeme usioyumba, hiyo ni kazi ya jioni moja.

Kuna sababu nyingine nzito zaidi ya kuifanyia hapa, inayohusu kompyuta zilizotoka ofisini. Mashirika mengi huandikisha mashine zao kwenye huduma ya Microsoft iitwayo Autopilot. Alama ya maunzi huwekwa kwenye seva, na kila kompyuta ikifutwa na kusimikwa upya, ikigusa intaneti tu, humtaka mtumiaji aingie kwa akaunti ya shirika. Kufuta diski hakuondoi kizuizi hicho. Anayeweza kukiondoa ni shirika lililoiandikisha, na wakati mwingine ni kwa kusahau tu kwamba halikufanya hivyo. Ukiligundua jambo hilo ukiwa Stockholm, unamrudia muuzaji kwa treni ya chini ya ardhi. Likigunduliwa Dodoma, mwanafunzi ameshika mashine isiyomkubali na hana wa kumpigia.

Mlango mwingine unaofungwa kwa mbali ni BitLocker, usimbaji fiche wa diski. TPM hupima kila kinachoamka kabla ya Windows, na hutoa ufunguo wa diski pale tu vipimo vinapolingana na vya awali. UEFI ikisasishwa au mipangilio yake ikiguswa, vipimo hubadilika, na kompyuta hudai namba ya kurejesha yenye tarakimu 48. Kwa hiyo BitLocker isimamishwe kwa muda kabla ya kugusa UEFI. Tatizo kubwa zaidi hutokea baadaye. Katika matoleo mapya ya Windows 11 yaliyosimikwa upya, usimbaji huwashwa wenyewe mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na namba ya kurejesha huhifadhiwa katika akaunti hiyo. Mtumaji akiingia kwanza kwa akaunti yake “ili kujaribu tu”, namba inabaki kwake.

Mashine ya kizazi cha saba kushuka chini haistahili kutupwa. Ubuntu 24.04, toleo la Linux lililotolewa Aprili 2024, linapewa viraka vya kawaida hadi 2029, nalo halidai TPM. Linaweza kuendeshwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, na hapo ndipo pa kujaribu Wi-Fi, sauti, kamera na kulala kwa skrini kabla ya kuamua. Wi-Fi ipimwe kwa makini, maana kadi nyingine zinahitaji draiva inayopakuliwa, na isiyounganika haiwezi kupakua. Anayetumiwa aulizwe kwanza: chuo kikimtaka atumie programu ya uhasibu au takwimu inayoendeshwa kwenye Windows pekee, Linux haitamfaa hata ikiwa nyepesi namna gani.

Kabla ya kufunga sanduku, mtumaji aondoe BitLocker au akaunti yoyote iliyobaki, na kama alikuwa na BankID ya kwenye faili, yaani kitambulisho cha kielektroniki cha Sweden, ijulikane kwamba hukaa ndani ya kompyuta yenyewe: diski ikifutwa nayo hufutika, na mpya hutolewa na benki. Mashine iwe imewashwa na kupimwa, kwa kuwa sheria ya Ulaya hutenganisha kifaa kilichotumika na taka. Tangu 1 Januari 2025 taka za kielektroniki za aina zote haziruhusiwi kutoka Umoja wa Ulaya kwenda nchi zisizo za OECD, na laptopu isiyowaka huhesabiwa kuwa taka. Plagi ya Sweden ina pini mbili za mviringo. Waya wa pini tatu bapa, zinazotumika Kenya na Tanzania, uwekwe ndani.

Mfumo ukishasimikwa na draiva kukaguliwa, kompyuta izimwe ikiwa kwenye ukurasa wa kwanza wa kuchagua nchi. Windows 11 ya nyumbani hudai intaneti na akaunti ya Microsoft katika hatua hiyo, kwa hiyo mpokeaji atahitaji bando dogo siku ya kuiwasha, na akaunti iwe yake tangu mwanzo. Mtumaji ampigie simu waipitie pamoja, na mpokeaji aandike zile tarakimu 48 kwenye daftari lake.