Ini, mahindi na safari ya protini (Sehemu ya Pili)

Kila siku ini la mtu mzima mwenye afya hutengeneza takribani gramu 10 hadi 15 za albumini na kuzimwaga katika damu. Hiyo ndiyo protini iliyo nyingi kuliko zote katika maji ya damu. Huyazuia maji hayo yasivujie nje ya mishipa, na hubeba homoni, mafuta na dawa nyingi tunazomeza. Ini likishindwa kuitoa, miguu huvimba na tumbo hujaa maji. Wengi wetu tumemwona mgonjwa wa namna hiyo kijijini, na wengi tumesikia ikisemwa kwamba amerogwa.

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi maandishi ya jeni yanavyosomwa na ribosomu, na jinsi ribosomu zinavyounganisha asidi amino moja baada ya nyingine mpaka protini ikakamilika. Leo tuifuate albumini kuanzia pale inapoundwa ndani ya seli ya ini hadi inapoingia kwenye damu. Nimeichagua safari hii kwa sababu inawahusu sana watu wa Mvumi na tambarare yote ya Kilosa, watu wanaolima mahindi, wanaoyahifadhi ndani na kuyala mwaka mzima. Nasema Mvumi ya Kilosa, mkoani Morogoro, si ile ya Chamwino, Dodoma, yenye hospitali ya misheni. Njia ambayo ini huitumia kutoa protini ndiyo hiyohiyo inayovurugwa na sumukuvu na virusi vya homa ya ini aina ya B, na uvurugaji huo ukidumu miaka mingi huweza kuzaa saratani.

Tunaijua njia hiyo kwanza kwa kazi ya George Palade, mzaliwa wa Romania aliyefanya utafiti wake New York. Katika miaka ya 1960 yeye na wenzake walichukua vipande vya kongosho la simbilisi, wakavipa asidi amino zenye mnururisho kwa dakika chache tu, kisha wakavipa zile za kawaida. Baada ya hapo walitazama kwa hadubini ya elektroni mnururisho umefika wapi. Mwanzoni ulikuwa kwenye retikulamu ya endoplazimu, yaani ule mtandao wa tando uliotapakaa ndani ya seli ukiwa umebandikwa ribosomu. Dakika kama ishirini baadaye ulikuwa umefika kwenye tando zilizopangana ziitwazo Golgi. Baada ya saa kama mbili ulionekana ndani ya vifuko vilivyosogea ukingoni mwa seli, tayari kumwaga vilichobeba. Palade alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1974.

Likabaki swali: protini inajuaje kwamba yenyewe ni ya kutoka nje, wakati jirani yake iliyoundwa na ribosomu za namna ileile inabaki ndani? Günter Blobel, katika taasisi ileile ya New York alikofanyia kazi Palade, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba protini ya kusafiri huzaliwa na alama mwanzoni mwake, kipande kifupi cha asidi amino, kama ile alama ya rangi anayoipiga mwenye mzigo kwenye gunia ili wapakizi wajue linapanda lori gani. Alama ya albumini ina asidi amino 18. Ikishatokeza tu kwenye ribosomu, hunaswa na kupelekwa kwenye utando wa retikulamu, protini ikasukumwa ndani huku bado inaundwa, kisha alama ikakatwa. Blobel alipata Nobel mwaka 1999.

Hatua za baadaye zilifumbuliwa kwa hamira, ileile tunayoumulia mandazi. Randy Schekman wa Berkeley, pamoja na mwanafunzi wake Peter Novick, walitafuta hamira zenye hitilafu ambazo kwenye joto la kadiri hukua vizuri, lakini zikiwekwa kwenye nyuzi 37 hushindwa kutoa protini, zikajaa vifuko visivyo na pa kwenda. Kufikia mwaka 1980 walikuwa wametambua jeni 23 zinazohusika. James Rothman, aliyekuwa akichunguza seli za wanyama, akakuta kwamba protini zinazofanya vifuko viungane na utando wa mwisho ni za ukoo mmoja na zile za hamira. Schekman na Rothman, pamoja na Thomas Südhof aliyechunguza seli za neva, walipewa Nobel mwaka 2013. Hamira na ini la binadamu vinatumia utaratibu mmoja. Kwangu mimi, katika biolojia yote hakuna jambo linalostaajabisha kuliko hili.

Sasa turudi kwenye mahindi. Ukungu uitwao *Aspergillus flavus* hukaa kwenye udongo na huingia kwenye hindi likiwa bado shambani, hasa mmea ukipatwa na ukame au ukitobolewa na wadudu. Ukiendelea kupata joto na unyevu ghalani, hutoa sumukuvu. Sumu hii haina rangi wala harufu ambayo mpishi anaweza kuitambua, na moto wa kupikia ugali hauiondoi. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka ukomo wa sehemu 10 kwa bilioni kwa sumukuvu zote katika mahindi, na sehemu 5 kwa ile kali zaidi, B1.

Ikiliwa kwa wingi kwa muda mfupi, huua. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafariki. Kwetu, mwaka 2016, watu 68 waliugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 wakapoteza maisha. Huko si mbali na Kilosa, na nafaka husafiri: mahindi ya Manyara na Dodoma hufika soko la Kibaigwa na kuteremka kwa barabara kuu ya Morogoro inayopita Dumila.

Lakini madhara mapana zaidi hutokana na kidogokidogo kinacholiwa kila siku. Sumukuvu B1 ikifika kwenye seli ya ini, hukutana na vimeng'enya vilivyojikita kwenye utando wa retikulamu, palepale albumini inapoanzia safari. Kazi ya vimeng'enya hivyo ni kubadilisha sumu ili mwili uweze kuzitoa. Kwa sumukuvu, mabadiliko hayo huizidishia ukali: huzaliwa molekuli inayong'ang'ania chochote ilicho karibu nacho. Nyingine huishika albumini, nayo albumini huondoka na mzigo huo hadi kwenye damu. Kwa kuwa nusu ya albumini ya leo bado itakuwa inazunguka baada ya wiki tatu hivi, mtafiti anaweza kuchukua damu ya mtoto na kusoma humo sumukuvu aliyokula katika wiki zilizopita. Hivyo ndivyo watafiti walivyoweza kujua, hapa Tanzania pia, kwamba watoto huanza kuipata sumu hii mapema, uji wa mahindi unapoingia kwenye chakula chao.

Molekuli nyingine za sumu hiyo huingia kwenye kiini cha seli na kuishika DNA. Kuna protini iitwayo p53, ambayo kazi yake ni kuisimamisha seli yenye DNA iliyoharibika isigawanyike. Mwaka 1991 vikundi viwili vya watafiti, kwa uvimbe wa ini kutoka China na kusini mwa Afrika, vilikuta hitilafu ileile kwenye jeni ya p53, mahali pamoja: asidi amino ya 249 kati ya 393, ambapo arginini ilikuwa imegeuzwa kuwa serini. Ni nadra kwa sumu ya chakula kuacha alama iliyo wazi kiasi hicho ndani ya saratani.

Kabla ya hapo ushahidi ulikuwa umepatikana kwa jirani zetu. Mwaka 1973 Peers na Linsell walichapisha utafiti wa Murang'a, Kenya. Walikusanya vyakula vya sahani za watu na pombe za kienyeji kutoka maeneo ya juu, ya kati na ya chini ya wilaya, wakapima sumukuvu, wakalinganisha na wagonjwa wa saratani ya ini. Kadiri walivyoteremka kuelekea kwenye joto, sumu iliongezeka, na saratani nayo iliongezeka. Tambarare ya Kilosa ina joto la namna hiyo.

Upande wa virusi, mambo yanahusu usafirishaji moja kwa moja. Kirusi cha homa ya ini aina ya B huilazimisha seli ya ini itengeneze protini za ganda lake kwa wingi kupita kiasi, na protini hizo hupita njia ileile ya albumini. Sehemu kubwa hutoka na kujaa kwenye damu bila hata kirusi ndani yake. Ila baadhi, hasa zile ndefu au zenye hitilafu, hazitoki. Hukwama kwenye retikulamu, na seli hutanuka, ikaonekana kwenye hadubini kama kioo kilichosuguliwa. Stephanos Hadziyannis wa Ugiriki alizieleza seli hizo mwaka 1973.

Je, kukwama huko peke yake kunaweza kuleta saratani? Mwaka 1989 Francis Chisari na wenzake huko California walitoa jibu kwa panya waliopewa jeni ya ganda refu la kirusi, bila kirusi kizima. Protini zilirundikana kwenye retikulamu za maini yao. Seli zikaumia na kufa, nyingine zikagawanyika kwa haraka kujaza nafasi, na mwishowe panya wakapata uvimbe wa saratani. Seli iliyobanwa hivyo hutuma ishara kwenye kiini ili ipunguze uzalishaji na iongeze protini za kukunja na kusafisha, na ikishindwa, hujiua. Seli ya saratani hujifunza kutumia ishara hizo za dharura ili iendelee kuishi.

Sasa viweke viwili hivyo pamoja: sumu inayoharibu DNA, na kirusi kinachozifanya seli zigawanyike bila kupumzika, kila mgawanyo ukirithisha uharibifu. Utafiti wa Shanghai uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba dalili za sumukuvu peke yake zilizidisha hatari ya saratani ya ini mara 3 hivi, virusi peke yake mara 7, na vyote viwili kwa pamoja mara 59. Hizo si hesabu za kujumlisha. Ndiyo maana nasema kwa moyo wote: familia inayokausha mahindi vizuri na kumpeleka mtoto chanjo inafanya kazi moja, ya kulinda ini moja.

Kukausha maana yake ni kufikisha unyevu asilimia 13 hivi, juu ya turubai, si juu ya udongo. Asiye na kipimo achukue chupa kavu, atie punje na chumvi kavu, atikise. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi. Yenye ukungu yachambuliwe na kutupwa, wala yasipelekwe kwenye pombe wala kwa ng'ombe wa maziwa, maana sumu hupita hadi kwenye maziwa. Kukoboa hupunguza sumu kwa sababu nyingi yake iko kwenye maganda na kiini cha punje, ingawa naumia kuandika hivyo, kwa kuwa dona lina lishe zaidi kuliko sembe. Tangu 2018 kuna pia Aflasafe TZ01, ukungu wa jamii ileile usiotoa sumu, unaonyunyizwa shambani ili uchukue nafasi ya ule mbaya.

Chanjo ya homa ya ini aina ya B iliingia katika ratiba ya watoto wa Tanzania mwaka 2002. Chanjo yenyewe hutengenezwa kwa hamira iliyopewa jeni ya ganda la kirusi. Haina kirusi hai wala sehemu inayoweza kuambukiza. Waliozaliwa kabla ya mwaka huo, ambao leo ndio wazazi wa Mvumi, wengi wao hawakuipata. Kwao kipo kipimo cha tone la damu kinachotafuta ile protini ya ganda ambayo ini lililoambukizwa huimwaga. Mjamzito akikutwa nayo, mtoto anaweza kukingwa mapema. Mtu mzima akikutwa nayo, kuna dawa za kukizuia kirusi, na ini lake linaweza kufuatiliwa kwa ultrasaundi na kwa kupima alfafetoprotini, protini ambayo ini la mtoto tumboni huitoa kwa wingi, hupungua sana baada ya kuzaliwa, na ambayo Yuri Tatarinov aliigundua mwaka 1964 ikirudi katika damu ya mgonjwa wa saratani ya ini.

Kuna protini nyingine ambazo seli za saratani huzitoa kwa njia hii hii ya vifuko: za kuita mishipa mipya ya damu, na za kuyeyusha tishu ili uvimbe uhamie mahali pengine. Hizo zitakuwa mada ya sehemu ya tatu.