Jiwe Lilinitoa Kamasi!

Jamani, ukiona ncha ya mshale wa jiwe usidhani ni lelemama! Juzi nilijaribu kuchonga moja kwa kwatsi, lile jiwe jeupe linalong'aa. Nikagonga kwa madaha, pwaa! Likasagika kama chumvi. La pili, la tatu, yale yale. Kidole kikachanika, nikataka kususa.

Kumbe jiwe hili lina nyufa ndani, haliendi kwa mikwara. Wawindaji wa Enzi ya Mawe walioacha vipande vyao pango la Mumba, karibu na Ziwa Eyasi, walilisimamisha juu ya jiwe jingine, wakaligonga utosini. Nikaiga. Jiwe la kumi na moja likatoa kipande kikali kama wembe.

Leo jirani zake Mumba, Wahadzabe, hufua misumari. Lakini wale wa kale nawapa tano: wangesusa kama mimi, watoto wangelala njaa!