Baba anapotaka kuuza gari alilolifufua kwa mikono yake

KWA miaka mingi gari hilo limekuwa kama mtoto wa nyumbani. Liliingia uani likivutwa kwa kamba, limeliwa na kutu, likakaa juu ya mawe misimu kadhaa ya mvua. Leo linang'aa chini ya turubai: Alfa Romeo Giulia, milango minne, usukani upande wa kulia.

Mzee mwenyewe amestaafu. Magoti yanamsumbua, klachi imekuwa nzito, na kitindamimba anakaribia kujiunga na chuo kikuu. Siku anapotamka mezani kwamba anataka kuliuza, mama ananyamaza. Kifungua mimba, aliyepiga msasa gari hilo kila likizo ya shule, anainuka na kutoka nje. Binti anauliza swali moja tu: "Kwa pesa ngapi, Baba?"

Hali kama hii inaweza kuikuta familia yoyote yenye gari la kale. Anayedhani kwamba mauzo hayo ni kati ya baba na mnunuzi pekee hugundua baadaye kwamba yalikuwa ya nyumba nzima.

Kwa nini usukani wa kulia una maana

Giulia ilizinduliwa nchini Italia mwaka wa 1962 na ikaendelea kuundwa hadi 1978. Lilikuwa gari la familia, lakini lilikuwa na gia tano wakati ambapo magari mengi ya aina hiyo yalikuwa na nne.

Italia huendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hivyo magari mengi yaliyotoka viwandani huko yalikuwa na usukani kushoto. Yale ya usukani wa kulia yalilenga nchi zinazoendesha upande wa kushoto, zikiwemo Uingereza, Afrika Kusini, Australia na Kenya. Ndiyo maana mnunuzi wa gari kama hili anaweza kutoka mtaa wa pili au ng'ambo.

Jijini Nairobi magari haya yana wapenzi wake wa miaka mingi. Mashindano ya Concours d'Elegance, ambayo hufanyika katika uwanja wa mbio za farasi kwenye barabara ya Ngong, yalianzishwa mwaka wa 1970 na klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo. Mzazi anayetafuta mnunuzi anayeelewa anachokitazama atampata miongoni mwa watu wa aina hiyo upesi kuliko kwa dalali wa kando ya barabara.

Hata hivyo, mnunuzi makini atauliza iwapo usukani ulitoka kiwandani ukiwa kulia au ulihamishwa na fundi baadaye. Jibu linaweza kupatikana kwa maandishi. Idara ya kampuni inayohifadhi kumbukumbu za magari ya zamani ya Alfa Romeo, Fiat na Lancia hutoa cheti cha asili kwa kutumia nambari ya chesi.

Risiti hazigeuki kuwa bei

Hapa ndipo wazazi wengi huumia. Baba huketi na kujumlisha vipuri vilivyoagizwa kutoka nje, kuchomelea bodi, rangi, viti vilivyoshonwa upya na usiku aliokosa usingizi. Jumla hiyo inaweza kuizidi kwa mbali bei anayotajiwa na mnunuzi.

Mnunuzi hatoi hela kwa ajili ya usiku wa mtu mwingine. Analipia gari analoliona na uhakika wa kile asichoweza kukiona. Kazi ya risiti ni kumpa uhakika huo.

Picha za gari likiwa bado na kutu zina thamani kubwa kuliko picha za likiwa limeng'arishwa. Magari ya Italia ya miaka hiyo yanajulikana kwa kuoza sakafu, chini ya milango na kuzunguka magurudumu. Mnunuzi mzoefu huja na sumaku mfukoni. Mahali ambapo pati imejazwa badala ya bati, sumaku haishiki.

Kwa hivyo ni heri kusema mapema: sakafu ilibadilishwa, taa moja si ya asili, breki zinahitaji kuangaliwa. Mnunuzi akiambiwa kasoro tatu za kweli huamini mengine. Akijigundulia moja iliyofichwa, hushuku hata rangi.

Nambari za chesi na injini nazo zioane na zilizo kwenye logibuku. Kama injini ilibadilishwa, rekodi zirekebishwe kabla gari halijatangazwa.

Mzazi akiwa hai

Baadhi ya wazee huahirisha. Husema watoto watajua la kufanya siku moja. Siku hiyo ikifika, gari linakuwa sehemu ya mali ya marehemu, na chini ya Sheria ya Urithi ya Kenya hakuna anayeruhusiwa kuliuza kabla mahakama haijatoa barua za usimamizi wa mirathi. Anayefanya hivyo anatenda kosa, hata kama ni mwana aliyeshika msasa.

Wakati kesi inaendelea, gari linarudi chini ya mti, na kutu haisubiri hakimu.

Mzee anayeuza akiwa na nguvu zake huwaepusha watoto na ugomvi huo. Lakini azungumze nao kwanza. Waelezwe pesa zinakwenda wapi: karo ni kiasi gani, matibabu ni kiasi gani. Yule aliyefanya kazi ya mikono aulizwe anataka kubaki na nini. Huenda akaridhika na kisanduku cha spana na albamu ya picha. Asipoulizwa, uchungu wake hautakuwa wa gari bali wa kutohesabiwa.

Siku ya mnunuzi

Baba asimwachie mgeni gari alijaribu peke yake. Aketi naye, na bima iwe hai. Makubaliano yaandikwe na kutiwa saini, kasoro zikiwa zimeorodheshwa.

Ufunguo usitoke mkononi kabla benki yenyewe haijathibitisha kwamba pesa zimeingia. Ujumbe wa simu pekee hautoshi. Kisha umiliki uhamishwe mtandaoni kupitia mfumo wa NTSA. Gari likibaki kwa jina la zamani, likigonga mtu, simu ya kwanza ya polisi itamfikia mzee.

Na kabla ya hayo yote, kuna jambo moja ambalo gharama yake ni petroli tu. Jumapili ya mwisho familia nzima ipande gari hilo. Mwana ashike usukani. Baba aketi kushoto, kiti ambacho pengine hajawahi kukikalia tangu alinunue, atazame barabara na kusikiliza injini aliyoifufua ikiendeshwa na mtu mwingine.

Akishuka hapo, kumkabidhi mnunuzi ufunguo hakutakuwa kugumu sana.