Je, Wajua? Mchoro wa Viwanja na Maji ya Februari

Je, wajua kuwa Dodoma hupata wastani wa milimita 570 hivi za mvua kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili? Miezi inayobaki makorongo huwa mchanga mtupu. Ndiyo maana kiwanja cha Nkuhungu, hapohapo Dodoma, kinachooneshwa mnunuzi mwezi Agosti hakina kasoro hata moja.

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Mvua ya milimita 50 ikipiga paa la mita za mraba 100, zinashuka lita 5,000. Mradi wa nyumba 200? Lita milioni moja kutoka mabatini pekee, kabla hatujagusa barabara na nyua zilizosakafiwa.

Mwaka 2012 Jiji la Dodoma lilihesabiwa watu 410,956. Mwaka 2022 walikuwa 765,179. Hesabu paa mwenyewe.

Je, wajua kuwa mfereji unaweza kuzidiwa bila mvua kuongezeka hata tone? Shamba lenye nyasi na vichaka huenda likaachia robo tu ya mvua itiririke, lakini bati na lami huachia zaidi ya robo tatu. Kwa hiyo anayekagua mpango wa maji ya mvua aanze na swali hili: hesabu imefanywa kwa ardhi ilivyo leo, au itakavyokuwa nyumba ya mwisho ikishaezekwa? Majibu ya swali hili, nakuhakikishia, huwa marefu.

“Mafuriko ya miaka 50” hayangoji miaka 50. Maana yake ni uwezekano wa asilimia 2 kila mwaka. Mwenye mkopo wa nyumba wa miaka 25 ana uwezekano wa takriban asilimia 40 wa kuyaona kabla hajamaliza deni.

Je, wajua kuwa wahandisi wa Afrika Mashariki wana modeli yao ya mafuriko? Ilitolewa mwaka 1976 na maabara ya Uingereza ya utafiti wa usafiri na barabara, TRRL, kutokana na vipimo vya mabonde madogo ya Kenya na Uganda.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Sawa, lakini zipimwe kuanzia wapi? Korongo la mchanga hula kingo zake msimu hadi msimu, na kigingi cha mpimaji hakihami nalo. Mchoro usioonesha ukingo ulipimwa lini urudishwe kwa aliyeuleta.

Na wanaodhani serikali haikosei: karakana ya mabasi ya mwendokasi pale Jangwani, Dar es Salaam, ilijengwa kwenye bonde la Msimbazi. Imefurika mara kwa mara.

Je, wajua kuwa bomba lenye kipenyo maradufu, kwa mteremko uleule, hupitisha maji zaidi ya mara sita? Kubana matumizi hapo ni ghali. Na maji yakipungua kasi chini ya mita 0.6 hivi kwa sekunde, huanza kuangusha mchanga. Penye ardhi tambarare, kalavati hujaa mchanga kabla ya kujaa maji.

Maji ya upande wa Dodoma hukusanywa na Kinyasungwe, mto unaokutana na Mkata na kuwa Wami. Bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957 kwenye mfumo huohuo, limepoteza kina kwa tope. Mwishoni mwa 2009 na Januari 2010, mafuriko ya huko chini yalikata Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe. Kwa hiyo mshale wa bluu wa maji kwenye mchoro, unaoishia mpakani mwa mradi, haujakamilika: mkaguzi ataka kuona kalavati linalofuata, lina upana gani, na nani anaishi baada yake.

Je, wajua mfereji upi huzibwa mapema? Ule unaopita nyuma ya viwanja bila njia ya kuufikia kwa koleo. Mwaka wa pili mmoja anapandisha ukuta juu yake, mwingine anajenga banda la kuku.